Ukuta wa Matete Katika Karakana ya Vijumba

Nimeacha kazi Ijumaa iliyopita. Kabla hamjaanza kunisifu mbele ya Bibi kwa maneno matamu, someni haya kwanza. Nimeyaandika kwa hasira. Nilingoja ipoe, haikupoa, nikaona heri niandike nayo kuliko kuzikwa nayo. Naandika Kiswahili kwa sababu Sanga ni Mkinga, Feruzi fundi cherehani ametoka pwani, na ninyi wengine mmetoka Undali na kwingineko, na Kinyakyusa changu mnakielewa pale mnapotaka tu.

Sitasema niliitwa fundi mkuu lini wala nilipewa nini. Mambo hayo hayachongi mti. Nitasema jinsi tulivyoanza, kisha nitasema jambo ambalo nyote mnalinong'ona mkidhani sisikii.

Mimi sikuja hapa kutengeneza vijumba. Nilikuwa fundi wa nyumba za watu na mitumbwi ya watu. Wajerumani walikuwa wameshakaa bomani kule mlimani, na meli yao ilikuwa ikifika Itungi na kurudi kusini, nami nilikuwa na tezo yangu na jina langu, Ambakisye, lililojulikana kutoka Ikolo mpaka ufukweni. Bwana na Bibi walipopata shamba lao hapa Ikolo niliitwa niwajengee jiko. Niliposimamisha nguzo ya tatu, Bibi akaniita barazani.

Kulikuwa na sanduku kubwa limefunguliwa, na ndani yake kitu nilichodhani ni banda la kuku. Nikainama. Kumbe ni nyumba. Ghorofa mbili, madirisha, ngazi, vitanda, meza iliyowekwa sahani ndogo kama kucha. Mchwa walikuwa wamekula ngazi yote, na unyevu wa ziwa ulikuwa umeachanisha kila kilichogandishwa kwa gundi.

"Ya mtoto wako, Bibi?" nikauliza.

"Sina mtoto. Ni yangu."

Nikatazama chini nisije nikacheka. Mwanamke mzima, ana mume, ana bunduki ukutani, na anachezea wanasesere! Akanipa kiti kidogo kilichovunjika mguu. Nikatoa kisu. Nilipoinua kichwa, jua lilikuwa limevuka paa na vijana wangu wa jiko walikuwa wamelala chini ya migomba.

Nimejiuliza mara nyingi kilichonishika siku ile. Nadhani ni hiki. Sisi tulipokuwa wavulana wa kuchunga ng'ombe tulijenga vijumba vya matete pembeni mwa malisho, tukalala humo mchana, tukagombana nani ajenge wapi. Mwaka uliofuata tulijenga vikubwa zaidi, na mwisho tukaoa na kuleta wake zetu palepale. Kijiji changu mimi kilianza kama mchezo. Kwa hiyo Bibi aliponipa kile kiti hakunipa kitu kigeni. Alinirudishia kitu nilichokuwa nimekiacha malishoni.

Bibi naye alikuwa na mlango wake wa kuingilia kazi hii. Baba yake alikuwa fundi wa saa huko kwao, akamfundisha binti yake kushika vitu visivyoshikika. Alipokufa, meza na vifaa vilikwenda kwa kaka, ambaye alikuwa na mikono mizito kama mwiko wa ugali. Bibi mwenyewe alinisimulia, na alipokuwa akisimulia sauti ilimtetemeka kwa hasira. Ikumbukeni hasira hiyo, maana nitamdai baadaye.

Kisha akaja Sanga. Alishuka kutoka milima ya Ukinga na majembe ya kuuza, Bibi akamwomba jembe la mwanasesere. Sanga alimcheka waziwazi, akaenda zake. Siku ya tatu akarudi na jembe lenye ukubwa wa mbegu ya boga, lina makali. "Chuma kidogo kina kiburi kuliko kikubwa," aliniambia. "Ukipiga chafya kimepoa." Hakurudi tena kwao kufua majembe ya kawaida. Na Feruzi mnamjua: alishona sare za askari mpaka siku aliposhona moja kwa masalio ya kitambaa, ya mtu mwenye urefu wa kidole, na vifungo vyake. Kila mmoja aliingia kwa mlango wake, na hakuna aliyelazimishwa. Hilo nalisema kwa furaha, nalo karibu ndilo la mwisho la furaha katika karatasi hizi.

Wa mwisho aliingia kwa mlango niliomjengea mimi mwenyewe.

Tulinagwe ni Mkisi wa Ikombe. Kule, binti hapewi udongo mwingi wa kuchezea. Mama yake humpa donge kama yai, afinyange kijungu, akivunje, afinyange tena, mpaka siku atakapostahili donge la chungu cha kupikia. Mabinti wote huviacha vijungu wakikua. Huyu hakuviacha. Alikuwa na mtungi wa kuchotea maji, na kando yake mtungi uleule ukubwa wa punje ya harage, umepakwa rangi nyekundu na michirizi myeupe, umesuguliwa kwa kokoto mpaka unang'aa. Gwamaka alimletea Bibi kimojawapo mkononi, akidhani atamchekesha. Bibi hakucheka. Alitaka mfinyanzi aletwe siku ileile.

Tatizo ni kwamba Gwamaka ni mwanangu, na Tulinagwe ni mke wake.

Ninyi wa pwani na wa milimani, sikilizeni, maana mmeishi hapa miaka na bado mnacheka. Kwetu mke wa mwana na baba mkwe hawaonani. Hawali pamoja, hawakai chini ya paa moja, hawakutani njiani. Akinisikia nakuja, ataingia kwenye migomba na kujifunika mpaka nipite. Nami nikijua yupo mbele, nitakohoa na kugeuka. Jina langu halitamki mpaka kufa. Mnaita woga. Sisi tunaita heshima, na heshima hiyo inamlinda yeye kuliko inavyonilinda mimi.

Basi nilijenga ukuta. Niligawa karakana hii katikati kwa matete ya safu mbili, nikayabana kwa mianzi, nikaziba kila upenyo kwa udongo. Upande wake nikauwekea mlango wa kuelekea mtoni ili afike kwa njia yake. Chini, usawa wa goti, niliacha tundu la kupitishia kikapu. Ndiyo kazi bora niliyowahi kuifanya hapa, na haikuwa ndogo hata kidogo.

Sanga alikaa mwisho wa ukuta penye tanuri lake, akawa mdomo wetu. Mimi nilimwambia Sanga, Sanga akamwambia yeye. Kinyakyusa cha Sanga wakati ule kilikuwa cha kuombea maji tu, kwa hiyo mambo mengi yalifika yakiwa yamechechemea.

Kosa letu la kwanza ni kosa ambalo watu wengine wasingeweza kulifanya. Kipimo cha karakana nilikiweka hivi: hatua moja ya mtu mzima ni pingili moja ya kidole cha shahada. Nikampa Sanga habari hiyo, Sanga akaipeleka. Nilijenga nyumba nzima ya Kinyakyusa, kuta zake zimeegemea nje kidogo kama zetu, matofali madogo ya udongo ya kuviringisha yamepangwa kati ya mianzi, na upande wa ng'ombe na upande wa watu. Vyungu vilipopita tunduni vilikuwa vizuri ajabu, na vyote vilikuwa vidogo mno. Mafiga yangu yalivimeza. Nikavirudisha. Vikaja vingine, vidogo vilevile. Nikakasirika, nikamwambia Sanga amuulize kama Wakisi hawajui kuhesabu vidole.

Jibu likaja: "Mwambie wa upande ule nimepima kidole. Kama ana kidole kingine, akilete."

Ndipo nilipoelewa. Alipima kidole chake. Mimi nilipima changu. Ningekuwa nimewahi kuuona mkono wake, ningejua mara moja kwamba pingili zangu za kushikia tezo si sawa na zake. Lakini sikuwahi kuuona. Nikakata kijiti cha mwanzi, nikakitia alama za pingili zangu kumi, nikakipitisha kwenye kikapu. Tangu siku hiyo kijiti ndicho kikawa kipimo cha karakana nzima. Sikufikiri hata kidogo kwamba ningeweza kuchukua kipimo chake, nikabomoa yangu. Nilikuwa mkubwa, nikaona ni kawaida dunia ipimwe kwa kidole changu.

Miaka ikaenda. Sikuujua uso wake, lakini nilijua kazi yake kama ninavyojua mlio wa tezo yangu. Udongo ulikuja kwa mtumbwi wa kaka zake kutoka Ikombe, umefungwa kwa majani ya mgomba. Vijungu vidogo havichomwi kama vikubwa. Moto wa wazi huvipasua au kuvipeperusha. Yeye alivipanga ndani ya chungu kikubwa, akavifukia kwa pumba za mpunga, akafunika, akachoma chungu chote. Hakuna aliyemfundisha hilo. Asubuhi nilisikia kokoto ikisugua, na nilijua kutoka mlio wake kama anasugua mtungi au bakuli. Siku njema alikuwa na maneno.

"Gwe Sanga," nilimsikia siku moja, "mwambie wa upande ule mlango wa nyumba yake ni mpana kuliko chungu cha pombe. Wageni watamwona mke wa mwenye nyumba wakiwa bado barabarani."

Nikaupunguza mlango. "Mwambie ndaga," nikasema. "Ndaga fijo."

Sanga hakuipeleka. Alisema amechoka kubeba shukrani, hazina uzito wa kumtia jasho.

Sasa nakuja kwenye kijiji. Bwana, mume wa Bibi, alikuwa hajawahi kutujali. Kwake sisi tulikuwa ugonjwa wa mkewe. Lakini alipata barua kwamba huko kwao kutakuwa na maonyesho ya vitu vya makoloni, na ghafla akagundua kwamba ana karakana. Akataka kijiji kizima, juu ya meza moja, na watu wake.

Nilimjengea viwili. Kijiji cha akina baba upande huu, kijiji cha wana upande ule, na njia kati yao inayopita kwenye migomba, ili mke wa mwana apate pa kujificha. Migomba hiyo ilinichukua muda mrefu kuliko nyumba. Bwana akaja, akatazama, akasema mbona kuna nafasi kubwa isiyo na kitu katikati. Nikamweleza. Akasema huko Ulaya hawatapokea meza mbili kwa ajili ya aibu ya mwanamke mmoja wa mti. Akaamuru vijiji viunganishwe. Kisha akachukua msumeno mwenyewe, akakata ukuta wa mbele wa nyumba kubwa, ili watu waone ndani. Matofali yangu yalimwagika sakafuni kama mahindi.

Akamweka mzee wa mti kwenye mafiga, na mbele yake akamweka mke wa mwana, amepiga magoti na bakuli. Nilimtoa yule mwanamke, nikampeleka migombani. Kesho yake nikamkuta amerudishwa mafigani. Nikamtoa tena. Tulipigana hivyo kwa siku sita, mimi na Bwana, bila kusema neno, na mwanasesere yule akawa anasafiri kuliko meli. Mwisho akampigilia msumari sakafuni kupitia gotini.

Mnauliza kwa nini mzee huyu ana hasira. Msumari ule mdogo sikuusamehe, na hata haukuwa jambo lenyewe.

Jambo lenyewe lilikuja na bwana wa picha, mgeni wa Bwana, mwenye sanduku la miguu mitatu. Alitaka kuipiga meza pamoja na mafundi wake. Akaingia, akaona giza, akaonyesha ukuta wa matete kwa kidole. Bwana akawaita wapagazi wawili. Ilikuwa saa nne asubuhi, sote tuko kazini. Nikasema, "Bwana, ngoja, nitoke kwanza." Sikumaliza. Waliukamata ukuta pande mbili wakauvuta, ukaja chini wote mara moja, vumbi likatanda, na lilipotua nilikuwa natazamana na Tulinagwe.

Alikuwa amekaa chini, donge mkononi. Nilimwona uso mzima. Nikaugeukia mlango, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Nyuma yangu nilisikia kitu kidogo kikianguka na kuvunjika. Alikuwa amejivuta nguo kichwani na kulala kifudifudi juu ya udongo wake.

"Simama!" Bwana alipiga kelele. "Ni dakika moja tu! Simameni hapa na hapa!"

"Bwana," Sanga alisema, "hawa hawawezi."

"Wanaweza. Wanasimama kila siku."

Akataja kiboko. Mke wa mwanangu akasimama, amefunikwa gubigubi. Mimi nilisimama upande wa pili wa meza, nimewapa mgongo. Picha hiyo ipo. Inaonyesha kijiji, mgongo wa mtu, na nguo iliyosimama. Bwana wa picha alilalamika kwamba washenzi hawajui kukaa vizuri. Bibi alikuwa barazani, nilimwona, amejishika mdomo. Binti wa fundi wa saa, aliyenyang'anywa meza ya baba yake, alijishika mdomo tu, akaingia ndani. Bibi, najua utasomewa haya. Ndiyo, nimeyaandika.

Habari ilifika nyumbani kabla yetu. Wazee wetu walikaa. Wapo waliosema Tulinagwe hatazaa tena, wapo waliosema ng'ombe wataharibika. Wa misheni walisema hizo ni imani za zamani, lakini hata wao walikubaliana na wenzao kwamba wawili hao hawawezi kurudi kwenye chumba kimoja, kwa kuwa Bwana alikataza ukuta usijengwe tena, na wageni wake walikuwa wakija kutazama. Mmoja alipaswa kutoka. Mzee mwenzangu akanigeukia mbele ya wote.

"Ambakisye, wewe ndiwe mkwe. Sema."

Ilikuwa neno moja tu. Ningesema "Nitatoka mimi," na yote yangekwisha. Nilikuwa na ufundi wa nyumba, nilikuwa na ufundi wa mitumbwi. Nisingelala njaa wala kukosa heshima. Yeye alikuwa na vijungu vyake na mahali pamoja tu duniani palipovihitaji. Nililijua hilo nikiwa nimekaa palepale kwenye kigoda. Nikakohoa. Nikafikiria meza yangu, patasi zangu, nyumba iliyobaki nusu. Nikafikiria kwamba karakana itakufa bila mimi. Nikanyamaza, wakachukua kimya changu kuwa jibu, nami niliwaacha wakichukue.

Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Basi mimi sikumwambia toka. Tulinagwe alitoka.

Na yaliyofuata mliyafanya pamoja nami, kwa hiyo tusidanganyane. Waliletwa wafinyanzi wengine wawili, vyungu vyao vikawa mabonge. Nikaanza kuchonga vyungu kwa mti. Nilivipaka udongo mwekundu, nikavichora michirizi myeupe, nikavisugua kwa majani ya msasa na mafuta mpaka vikang'aa. Chungu cha mti! Ukikiweka motoni kinawaka. Wageni walivisifu. Bwana alivisifu. Miaka mitano nimewauzia wazungu uongo unaotoshea kwenye kiganja, na hakuna hata mmoja aliyebisha kwa ukucha asikie. Sanga peke yake alikuwa akiviangalia na kutema mate kwenye mkaa. Pale alipokuwa akikaa Tulinagwe tulirundika mkaa, mnakumbuka, kwa sababu palikuwa pakavu.

Kijiji kilikwenda Ulaya. Bwana alirudi na gazeti, akajisomea kwa sauti kwamba kazi ile nzuri ilitengenezwa na mke wake kwa msaada wa wenyeji. Nikasubiri Bibi aseme neno. Alisema chai inapoa. Usione vyaelea, vimeundwa. Ila kwetu hapa, kikishaelea aliyekiunda hafahamiki tena. Nilikasirika juma zima, na ilinichukua muda mrefu kutambua kwamba nilimkasirikia Bwana kwa kumfanyia mtu jambo ambalo mimi nilishalifanya.

Mwezi uliopita Gwamaka alinijia na kitu kimefungwa kwenye jani la mgomba.

"Tata, ni cha binti yangu," alisema. "Paa limeachana. Nimeona wewe utalijua."

Nikafungua. Kilikuwa kijumba cha udongo wa Ikombe, kimechomwa, paa lake la nyasi limetoka. Nikachungulia ndani. Ilikuwa karakana hii. Meza yangu ilikuwemo, na tezo juu yake, na kitako cha mti ninachokalia na ufa wake. Tanuri la Sanga lilikuwemo, na cherehani ya Feruzi yenye gurudumu linalozunguka. Kumbukeni kwamba alituona mara moja tu, kufumba na kufumbua, vumbi likiwa hewani. Katikati kulikuwa na ukuta wa matete, umesimama, wa safu mbili, na tundu la kikapu chini. Nikachukua kijiti changu nikapima. Kila kitu kilikuwa sawasawa kwa pingili zangu. Miaka mitano mbali na hapa, anamfinyangia mtoto wake kitu cha kuchezea, na bado alitumia kidole changu.

Nikatazama upande wake wa ukuta, nione alivyojiweka. Hakujiweka. Hakukuwa na mkeka, wala chungu kikubwa, wala kokoto. Palikuwa na rundo la mkaa.

"Nani alimwambia kuhusu mkaa?" nikauliza.

"Sanga," Gwamaka alisema. "Mke wangu alimuuliza siku moja sokoni mahali pake kuna nini. Sanga hajui kusema uongo kwa Kinyakyusa."

"Alisema nini?"

"Alinunua samaki, tukarudi."

Nilitengeneza paa. Ilikuwa kazi ya muda mfupi. Kisha nilikaa na kile kijumba mapajani, na nawaambia wazi, nililia, na sikulia kwa upole. Nililia kama mtu anayetaka kumpiga mtu na mtu mwenyewe ni yeye.

Asubuhi yake nilikwenda kwa Bibi. Nilimkuta na kioo chake cha kukuzia, anaunganisha ngazi ileile iliyoliwa na mchwa mara ya tatu. Nikamwambia ninaondoka, na kwamba nina sharti moja. Akaanza kusema Bwana hatakubali. Nikamwuliza, "Bibi, meza ya baba yako ilikwenda kwa nani?" Akaweka ngazi chini. Alitazama mikono yake muda mrefu. Akasema, "Mwite."

Kwa hiyo msiseme nimeacha kazi kwa uzee. Macho yangu yanaona, mkono hautetemeki, na tezo nimeinoa juzi. Sikuwa na namna nyingine ya kumwachia chumba. Yeye na mimi hatuwezi kukaa chini ya paa moja, na hilo sitaki libadilike; ni letu. Kilichotakiwa kubadilika ni nani anatoka, nami nilichelewa miaka mitano kukijua kitu ambacho nilikijua siku ileile.

Jumatatu atakuja, kwa njia ya mtoni. Mkaa uondolewe kabla, na pasuguliwe. Sanga, usimwambie ni mimi niliyesema pasuguliwe. Mara hii jaribu kusema uongo. Vyungu vyangu vya mti vyote nimevitia kwenye tanuri lako. Viliwaka vizuri sana. Ukuta hauhitajiki tena, lakini akitaka ujengwe, mjengeeni, na mkazibe kila upenyo, maana huenda asitake kuwaona ninyi.

Na atakalosema ndilo, kwa sababu yeye ndiye fundi mkuu. Nimesikia mmoja wenu akinung'unika kwamba mfinyanzi hawezi kusimamia maseremala. Huyo anijie nyumbani, tutaongea, na aje ameshiba.

Bado kijiti. Mtakitafuta penye ndoano yake na hamtakiona. Nilikivunja vipande viwili nikavitupa motoni pamoja na vyungu. Mtasema kazi mpya haitalingana na ya zamani, milango itakuwa midogo, wanasesere wote itabidi wachongwe upya. Ndivyo. Chongeni upya. Jumatatu akishakaa, Feruzi amwombe kwa adabu anyooshe kidole cha shahada, na mpime pingili yake.